Mrithi Mwenye Namba Tisa Mgongoni

Muleba,
19 Aprili 1998

Mwanangu Alinda,

Pokea salamu za baba yako mdogo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepona, na baridi ya huko Uholanzi imeanza kupungua. Mimi sijambo, ila macho yananisumbua. Siku hizi nikitunga uzi kwenye sindano naomba msaada kwa wateja, nao hunicheka kwanza ndipo wanisaidie. Mzee Laxmidas, ambaye cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya duka lake pale Bukoba miaka kumi na miwili, anakusalimu. Mkewe Damayanti anasema upunguze kukimbia, uongeze kula.

Barua yako ya Februari imefika pamoja na vipande vya magazeti. Hatukuelewa neno hata moja, lakini Laxmidas alivaa miwani akatafuta tarakimu. Akasema magoli kumi na saba, na kwamba katika ligi nzima ni mmoja tu aliyekupita. Nikamwambia damu hiyo ni ya kwetu. Akanikumbusha nilivyomsimulia mwenyewe kwamba shuleni niliwekwa golini kwa sababu ya unene, na mipira ikapita vilevile.

Nimefurahi kwamba ile klabu ya Ujerumani imekubali kukulipa mshahara. Miaka minne umechambua barua za watu posta asubuhi, jioni mazoezi, Jumapili magoli, na malipo yako nauli na bakuli la supu. Nikiwaeleza watu wa Kashai, mtaani kwetu Bukoba, kwamba mshambuliaji aliyevaa jezi ya taifa la Uholanzi anafanya kazi posta, wananiona mwongo kuliko nilivyo. Lakini pale ulipoandika kwamba mechi ikiisha wenzako huchukuliwa na wazazi wao, nawe hurudi chumbani ukala mkate umesimama dirishani, niliacha kusoma kwa sauti. Laxmidas akajifanya anapanga vitenge. Watoto wake wote wako Uingereza.

Habari za nyumbani ni mvua. Barabara ya kuja Muleba imeliwa, ila migomba imestawi. Jirani yetu Ephrasia amezika mtoto wake wa mwisho mwezi wa pili, kwa ugonjwa huu huu uliowachukua wazazi wako. Amebaki na wajukuu sita, na bado ananiuliza mimi ninakula nini.

Sasa unasema unakuja Juni ligi ikimalizika, na unauliza utalala wapi. Si wewe peke yako unayeuliza. Mzee Ishengoma, mkubwa wa ukoo, alitangaza tangu Januari kwamba mrithi wa Karugendo ametimiza miaka ishirini na moja. Arudi akikalie kibanja cha baba yake, nyumba na migomba, la sivyo kigawiwe wengine, pamoja na makaburi yaliyomo. Tena akakutafutia mchumba. Anaitwa Joviana, wa Ngenge, analima vizuri na hana maneno mengi. Usicheke kwanza.

Unakumbuka mazishi ya baba yako mwaka 1986? Ulikuwa na miaka tisa. Ulizaliwa kambini Tabora; baba yako akaenda vitani Uganda akarudi kambini hukohuko, kwa hiyo ukoo haukuwahi kukuona mpaka tulipokuja kumzika. Wafiwa wote tulinyolewa, nawe ukanyolewa. Gauni lako lilikuwa limechanika safarini, nikakuvika kaptura niliyomshonea mjukuu wa Ephrasia. Ukaenda kucheza na wavulana mpira wa majani ya migomba, ukawafunga wote. Mzee Ishengoma alikutazama sana, akauliza kama huyo ndiye mtoto wa Karugendo. Nikasema ndiye. Siku ya kumaliza matanga akakuita, akakuketisha kwenye kiti cha baba yako, akakushikisha mkuki na mundu, watu wakapiga makofi. Uliniuliza kama wanakupongeza kwa magoli. Nikasema ndiyo.

Haikuwa kwa magoli, mwanangu. Ulikuwa unarithishwa, na kwa desturi yetu binti haketi pale. Neno moja kutoka kwangu lingetosha, nami sikulisema. Mama yako alikuwa ndani amelala, hana nguvu ya kunisahihisha. Baada ya miezi minne tulimzika naye, nikahakikisha umevaa kaptura ileile. Tangu hapo nimekuwa nikiwapelekea picha zako za mgongoni tu, zenye namba tisa, na kwa bahati magazeti huandika A. Karugendo. Wazee husema kijana ana miguu ya baba yake.

Ukifika hapa katika kusoma unaweza kudhani nilisema uongo ili upate ardhi. Laxmidas anadhani hivyo na ananisifu. Usinisifu wewe. Wangejua kwamba ni binti, kiti kingekuwa changu, mdogo pekee wa marehemu. Ningetakiwa kuhamia nyumba iliyokwisha kutoa majeneza mawili, la bibi yako na la baba yako, na mama yako yumo ndani. Nilikiogopa hata kikombe alichonywea kaka yangu. Nikakukalisha mtoto mdogo mahali nilipoogopa kukaa mimi, halafu nikarudi mjini kushona. Na Mama Riet, yule muuguzi wa misheni, alipoomba akulee kwao Uholanzi, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nilikuambia ukoo ndio ulioamua. Hawakuulizwa. Niliamua mimi, kwa kuwa mrithi akiwa mbali hakuna ambaye angeniuliza kwa nini nyumba imefungwa.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Mzee Ishengoma nikamweleza yote. Nilitegemea fimbo. Alitafuna punje zake za kahawa, kisha akauliza kama magoli nayo ni ya uongo. Nikasema magoli ni ya kweli. Akasema basi Joviana atafutiwe mwingine, na kiti ni changu kuanzia siku hiyo. Nikajibu nitakikalia, lakini nikifa ni cha Alinda. Akasema nife kwanza, ndipo wazungumze.

Leo ni siku ya nne niko ndani ya nyumba hii. Nimepalilia makaburi yote matatu na kufungua madirisha yaliyokuwa yamegoma. Jioni napika ndizi za mtu mmoja, na bado zinabaki.

Chumba cha mbele nimekitengeneza. Sina uso wa kukuomba uje. Lakini ukija hutalala kwa mtu, utalala kwenu, na kama ni kunigombeza, nigombeze humu humu ndani, kwa sauti yoyote unayotaka. Nyumba hii haijasikia watu wawili wakizungumza kwa miaka kumi na mmoja.

Msalimie sana Mama Riet. Kama Kiswahili kimeanza kukutoka atakusaidia kusoma, naye ajue yote. Barua bado uzitume kwa sanduku la Laxmidas. Cherehani nimeshamwondolea, nisimwondolee na magazeti.

Ni mimi baba yako mdogo,
Aroni Kyaruzi