Kisanduku cha Baba

Alhamisi, 4 Septemba 2025

Nimejiunga! Najma, mwenzangu wa dukani hapa Kariakoo, kanitumia linki asubuhi. Kozi ya bure ya kutafuta historia ya ukoo, mtandaoni, tena kwa Kiswahili. Kasema we si unaolewa mwezi ujao? Chora mti wa ukoo wenu na wa kina Zahoro, mchumba wako, utundikwe ukumbini, watu waone mmetoka wapi. Nikakaa nyuma ya majora ya vitenge, nikaanza.

Hapo hapo nikachoka. Kwenye programu yao ya kuchora mti kuna kisanduku kimeandikwa Baba. Nikaweka Ismail, aliyenizaa. Nikaweka Baba Bakili, kaka yake, maana ndiye aliyenisomesha. Nikaweka na Baba Mdogo Mudi, kitindamimba wao. Maandishi mekundu yakatokea — ati baba ni mmoja tu! Sasa nimfute nani? Baba Bakili akisikia kafutwa, harusi anasusa. Mteja kaja kuuliza bei, nikamjibu hovyo. Anisamehe.

Jumamosi, 6 Septemba

Darasa la kwanza. Mwalimu anaitwa Anaeli, sauti ya upole, picha inagandaganda. Nikamuuliza kuhusu baba zangu. Kacheka, kasema hata kwao Upareni ni hivyo hivyo, ila mashine haijui. Weka aliyekuzaa, wengine waandike kwenye maelezo. Haya.

Kisha katangaza vitu vipya: picha za zamani zimeongezwa, kuna masomo mengine yanakuja, utafute huku, ubonyeze kule... Sikushika kitu. Kazi ya nyumbani nimeielewa: mrekodi mzee wako. Usimuulize nani kamzaa nani. Muulize kawalea kina nani. Bando likakata Mwalimu akiwa katikati ya neno.

Jumapili, 7 Septemba

Nimemrekodi Bibi. Bi Hajira, mama yake baba, ndiye ninayekaa naye hapa Magomeni. Mwanzo kaikataa simu, ati inamtolea macho. Alipoanza sasa, kumnyamazisha kazi!

Kuna moja limeniliza. Enzi hizo wanakaa Msimbazi. Jirani yake Maimuna, mke wa fundi baiskeli, kajifungua, hakukaa sana, kafariki. Bibi naye alikuwa na Baba Mdogo Mudi mchanga. Kakichukua kile kitoto. Huyu titi hili, yule titi lile. Kikiitwa Sefu. Halafu bibi yake akaja kukichukua, akaenda nacho Lindi. Kasema kalikuwa kadhaifu, sidhani kama kaliishi. Akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Miaka yote hiyo bado anamlilia!

Jumatatu, 8 Septemba

Leo zamu ya upande wa Zahoro. Kanipigia mchana, katoka kutoa mizigo bandarini. Mambo? Poa. Najua kalelewa Lindi na bibi yake, mamake simjui. Nikauliza jina, nikae tayari kuandika. Kasema Maimuna. Alifariki mimi mchanga. Na baba? Alikuwa fundi baiskeli, Msimbazi.

Nikaweka kalamu chini. Nikamuuliza, jina lako ni hili hili tangu zamani? Kacheka. La kwanza halikunikubali, nilikuwa naumwaumwa, bibi akanibadilisha. Nilikuwa Sefu.

Nikakata simu. Nikasingizia mtandao.

Subiri. Subiri kwanza. Kama Bibi kamnyonyesha, kwa dini yetu Zahoro ni mwanawe wa maziwa. Ni ndugu yake baba. Basi ni baba yangu mdogo! Programu ilinikatalia baba watatu, sasa naletewa wa nne, na ndiye mchumba wangu! Na Bibi hata sura yake haijui. Posa waliileta wazee wa Lindi, yeye mwenyewe anaona haya kukanyaga ukweni kabla ya ndoa. Angejuaje?

Labda kina Maimuna walikuwa wengi Msimbazi. Mafundi baiskeli pia. Lakini Sefu? Lindi? Loh.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemwambia Najma. Kaenda kwa ustadhi anayeuza kanzu mtaa wa pili, kajifanya anamuulizia shangazi yake. Jibu: mtoto akinyonya mara tano, kila mara kwa kushiba, ni mwana wa nyumba hiyo, ndoa haipo. Chini ya hapo, ruksa. Aulizwe mwenyewe aliyenyonyesha.

Kumbe bado! Labda ilikuwa mara mbili tatu, nyingine uji. Nimekula leo, tangu jana sikuweza.

Jumatano, 10 Septemba

Nimemwambia Zahoro. Kataka nimsimulie tena tangu mwanzo. Mwisho kasema, kwa hiyo kuna mtu alininyonyesha? Sikuwahi kuambiwa. Kisha: nakupenda, Siwema, ila haramu siifanyi. Muulize. Ijumaa nitakuja mwenyewe, mambo ya kuona haya basi.

Nina hasira. Na nani? Sijui.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeuliza kwenye kundi la kozi, undugu wa maziwa unaandikwa kisanduku gani? Mwalimu Anaeli kajibu: dada, hicho hakipo, weka kwenye maelezo. Maelezo! Naona maisha yangu yote yatahamia kwenye maelezo.

Bibi nimeshindwa kumuuliza. Kila nikifungua mdomo ananiuliza habari za ukumbi.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeuliza. Bibi, yule mtoto wa Maimuna, ulimnyonyesha mara ngapi?

Kanitazama kama nimerukwa na akili. Mtoto akilia unahesabu? Mgeni akila, unamhesabia matonge? Halafu kanikazia macho. Kwani nani kakuuliza? Yuko hai?

Ningemdanganyaje? Nikasema yuko hai, Bibi. Yuko hapa hapa mjini. Anakuja leo, akitoka msikitini.

Kapiga kigelegele! Peke yake, katikati ya uwanja, majirani wakachungulia. Kafungua sanduku katoa khanga mpya. Kaniagiza nikune nazi, mwanawe hali wali mkavu. Kisha kasema, Mungu ana siri zake, kamleta kwa wakati. Siku ya ndoa atakaa mbele na kina Ismail wakuozeshe.

Jina lake la sasa hajaliuliza. Nami sijalitaja.

Niko jikoni. Nazi iko nusu, naandika badala ya kukuna. Hodi — ni yeye, sauti naijua. Bibi kaitikia kabla yangu, nasikia kicheko, nasikia kilio, sasa sisikii tena tofauti. Ananiita. Siwema! Njoo umsalimie baba yako mdogo!

Nikitoka hapa nianze na lipi? Mambo, au shikamoo?