Jumamosi Nikiwa Jukwaani

Dada Maureen,

Huku Lancashire mvua haijakatika. Mama hajambo, ila goti linamsumbua. Jumatano daktari wa timu aliniambia nisipige tena mpira kwa kichwa, la sivyo ubongo utaharibika. Basi miaka yangu kumi na mbili ya ubeki wa daraja la nne imekwisha. Mama sijamwambia.

Jumamosi nilivaa kofia, nikakata tiketi, nikasimama na mashabiki. Mzee mmoja kando yangu akasema, "Afadhali huyu beki mpya, bwana. Yule Ormerod alikuwa gogo tu."

"Kweli," nikamjibu.

Akanimegea pai yake. Nikala. Tulishinda mbili bila, nikapiga makofi kama wengine.

Wasalimie watoto.

Mdogo wako,
Clive Ormerod