Karibu na Kibendera cha Kona

Mama,

Jana uliniegemea tena. Nilikuwa jikoni nakatakata majani ya dodo, mchicha wetu, dirisha limefungwa, redio imezimwa, na mgongo wako ukaja ukagusa mgongo wangu, palepale pa zamani, chini ya mabega. Nikaachia kisu nikaziba masikio. Ndipo kibanda cha kuonyeshea mpira cha pale barabarani kikalipuka kwa kelele za bao, mtaa mzima wa Kisugu ukaitikia. Mimi nilikuwa nimeshaziba. Nani alikuambia bao linakuja, Mama? Tulikuzika kwetu Gulu kabla ya mvua. Niliona udongo ukifunika sanduku, na mimi ninachokiona huwa sikisahau. Sasa jikoni kwangu unafanya nini?

Siogopi. Au naogopa, ila siyo wewe. Naogopa siku utakayoacha kuja.

Watu wakisikia nina usonji wanadhani mimi na mpira ni mbalimbali. "Watoto hawa hawapendi michezo," mwalimu mmoja alikuambia nikiwa mdogo, ukatoka pale umenuna mpaka nyumbani. Mimi napenda mpira kuliko wao wote. Napenda mistari iliyonyooka, napenda kwamba mtu akiotea tu, kibendera kinapanda na hakuna wa kumwonea aibu. Netiboli niliicheza shuleni kwa raha, kwa sababu huo ndio mchezo ambao sheria inamkataza mtu kunigusa. Anayekukaba lazima asimame mbali nawe, la sivyo kipenga kinalia. Nilitamani sheria hiyo iwafuate watu mpaka bwenini. Kilichonishinda ni ushindi. Tukishinda, wenzangu wote wananirukia kunikumbatia, nami nakimbilia chooni. Wakasema naringa. Nikaacha kucheza, na hilo linaniuma hadi leo.

Kwenye mpira wa miguu kilichonishinda ni kelele. Kelele za bao zinaniingia mwilini kama maji ya moto. Wewe ndiye uliyenipatia dawa, na uliipata kwa sababu ulikuwa askari.

Polisi wa uwanjani hatazami mpira. Anaupa mgongo, anatazama watu mpaka mwisho, asije mtu akarusha chupa. Miaka yote uliyosimama karibu na kibendera cha kona hukuwahi kuona bao hata moja, wewe uliyependa mpira kuliko chakula. Hukuwa na mtu wa kumwachia mimi, ukanibeba kazini, ukanikalisha kwenye kreti ya soda nyuma yako, nimeelekea uwanjani. "Wewe angalia mpira, mimi naangalia watu," ulisema. "Mpira ikifanya kitu, ambia mimi." Nikakuambia. Kila pasi, kila rafu, nani kavuta jezi ya nani. Nikinyamaza kidogo tu, unauliza bila kugeuza kichwa: "Nini imetokea?"

Na wewe ulisoma nyuso, kitu ambacho mimi sikiwezi. Ulijua bao linakuja kabla halijaja. "Makalio yao inaacha kiti," ulinieleza huku unacheka. Hapo unarudi nyuma hatua moja, unaniegemea, naziba masikio. Kelele zinapasuka nami niko salama, mgongo wako una joto la jua na shati linanukia sabuni ya mche. Nilikua, nikawa mtu mzima, na bado nilikuja. Wakubwa wako walishazoea. "Mtoto ya Afande," walisema, na kreti waliiweka wenyewe.

Ulipokufa sikwenda tena. Afande Rehema, yule msichana uliyemfundisha kazi, ndiye aliyekuja Kisugu kunichukua. Sasa anasimama mahali pako. Alinipokea vizuri, akaifuta kreti vumbi kwa mkono. Mpira ulipoanza, nami nikaanza kueleza, kwa mazoea. "Bambi, pole, nyamaza kidogo," akasema kwa huruma, "mimi iko kazini." Hana kosa. Hapendi mpira, basi. Maneno yakabaki yamenijaa mdomoni.

Kipindi cha pili timu yetu ikapata nafasi upande wa mbali. Nikamwona winga anainua kichwa, na hapohapo ukaniegemea. Uzito wako, joto lako, sabuni yako. Rehema alikuwa kule kwenye uzio anabishana na mlevi. Mama, nilivunja sheria yetu. Niligeuka.

Hukuwepo. Palikuwa na watu. Jukwaa zima limenielekea, nyuso zote ambazo nimezikimbia maisha yangu yote, na zilikuwa zinanyanyuka pamoja, midomo wazi, bado hakuna sauti. Kweli makalio yanaacha kiti. Niliziba masikio. Bao likaingia nyuma yangu na sikuliona.

Nikajisikia nauliza kwa sauti, "Nini imetokea?" Nililia, Mama. Nilikuwa nimesimama ulipokuwa unasimama wewe, kitu unachokipenda kiko nyuma yako, unangoja mtu akuambie.

Rehema aliniona nikilia. Baadaye akaniletea viziba masikio, vile vikubwa wanavyovaa mafundi wa mashine. Ni vizuri, vya rangi ya kijivu. Viko kwenye boksi lake juu ya kabati, sijavivaa. Akiniuliza namwambia vinabana kichwa. Namdanganya. Nikivivaa sitahitaji kuonywa, na nisipohitaji kuonywa, wewe utakuja kufanya nini? Ulikuwa mtu wa kazi. Hukuwahi kukaa mahali bure.

Lakini jana jikoni hukuondoka. Siku zote unaniegemea, kelele zinakuja, unakwenda. Jana kelele ziliisha, nikaokota kisu, dodo ikaingia sufuriani, na mgongo wako bado upo. Uliniegemea kwa uzito wako wote, namna ulivyokuwa ukiegemea mlango ukirudi kazini, kabla ya kuvua buti. Sikusogea. Dodo imeungua yote.

Mama, umechoka kusimama. Sikujua kama na huko mtu anachoka.

Jumamosi timu yetu inacheza. Nimelishusha boksi chini, viziba masikio viko mezani hapa ninapoandika. Nitavivaa, nakuahidi. Nitakaa kwenye nusu ya kreti, nusu nyingine nitaiacha, na atakayetaka kuikalia atanitambua. Watu waachie Rehema, anawaweza.

Kwaheri, Afande. Zamu yako imeisha. Geuka sasa, Mama, ukae, uangalie mpira. Bao likiingia mimi sitakuambia kitu.

Mwanao,
Akello