Dakika Kumi na Tano Nilizoziacha

Kwa Mshauri Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia, madhumuni yakiwa kuomba msaada wako katika jambo nisiloweza kulifikisha mbele ya mke wangu, kwa kuwa anayehusika ni kaka yake wa tumbo moja.

Mimi ni mpishi wa safari za mlimani, huu ukiwa mwaka wangu wa kumi na tisa, na miaka yote hiyo nimepanda na sufuria, viazi, vitunguu na mtungi wa gesi, nikawapikia wageni ndani ya hema lenye upepo wa kukata masikio, wala hakuna hata mmoja aliyeshuka akilalamikia chakula changu. Mwenye kampuni ni shemeji yangu. Mwezi uliopita aliniita ofisini, akanisogezea sanduku lenye pakiti za aina tano za chakula kilichogandishwa kisha kikakaushwa hadi kikawa chepesi kama pamba, ambacho humiminiwa maji ya moto ndani ya pakiti yenyewe kikaliwa, akasema, "Shemeji, mwenye ulimi hapa ni wewe. Onja zote, linganisha, andika ripoti, tia saini. Tunachukua aina moja."

Nikamuuliza, "Na jiko langu?"

Akacheka. "Jiko lipumzike, bwana! Limepanda mlima kuliko mbuzi."

Hivyo nilitakiwa kumchagua mrithi wangu kwa mkono wangu mwenyewe. Nililinganisha kwa haki: nyama na viazi ilikuwa na chumvi ya kukausha koo, tambi za jibini ziligeuka gundi, wali wa kuku ulinuka kabati, uji wa shayiri ulifaa asubuhi tu, lakini dengu na mboga, Mshauri, zilikuwa nzuri, na uchungu wangu unaanzia hapo, kwa sababu nilizipakua nyumbani kwenye bakuli bila kusema neno, na mke wangu, ambaye amekula mapishi ya mkono wangu tangu tuoane, aliongeza mara mbili akasema, "Baba watoto, leo umejipita." Nikaenda kuosha bakuli.

Kisha nilizipandisha hadi kambi ya juu, na huko nikagundua jambo ambalo halikuchapishwa kwenye pakiti: maji ya kule huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, kwa hiyo dakika kumi zinazotosha nyumbani hutoa dengu ngumu kama changarawe, na zinahitajika ishirini na tano, pakiti ikiwa imefungwa barabara na kuviringishwa ndani ya koti zito. Katika ripoti niliandika kwamba dengu ndizo bora, nikaandika uzito, chumvi na ladha, na penye muda wa kusubiri nikaandika "dakika kumi, kama ilivyoelekezwa". Sikuandika uongo, pakiti ndivyo inavyosema. Kundi la kwanza litapanda mwezi ujao bila mimi, likiongozwa na rafiki yangu wa siku nyingi, mwongoza wageni, mwenye vidonda vya tumbo, nami nangoja washuke wakizilaani pakiti ili niitwe tena.

Naomba uamuzi wako: niseme, au ninyamaze?

Wako mtiifu,
Mpishi wa Kambi ya Juu

JIBU

Mpishi, pole. Shemeji yako amekukosea adabu. Kumpa mtu kazi ya kujiondoa mwenyewe, kisha ukamcheka usoni, ni ukatili hata kama mnakula meza moja. Na lile la mkeo najua limekuchoma. Usimlaumu, hakujua anamsifu nani.

Pole imeishia hapo.

Eti hukuandika uongo! Umeacha dakika kumi na tano nje kwa makusudi, ukatia saini, halafu unanipambia kwa Kiswahili cha ofisini. Shemeji yako siku hiyo atakuwa kwenye kiti chake, ameshiba. Atakayetafuna changarawe kwenye baridi, tumbo likimkata, mwendo wa siku nzima kutoka barabarani, ni rafiki yako, naye atazitafuna kwa kuwa karatasi ina jina lako. Unajivunia kwamba hakuna aliyewahi kushuka akikilalamikia chakula chako. Huyo atakuwa wa kwanza.

Tena hila yenyewe mbovu. Shemeji atampigia muuzaji, ataelezwa habari ya maji ya mlimani kabla chai haijapoa, kisha atajiuliza imekuwaje mpishi wa miaka kumi na tisa hakuijua. Hapo jiko halirudi, na jina nalo limekwenda.

Kesho nenda ofisini na ripoti mpya, mstari ule ukiwemo. Mwambie nani aligundua, na aligundulia wapi. Omba kazi ya kuandaa chakula cha safari zote na kuwafundisha waongoza wageni, na udai jibu siku hiyo hiyo. Akikataa, beba sufuria zako. Wapo wageni wanaotaka kusikia kitunguu kikinukia hemani. Siwezi kukuahidi kitu. Huenda ukasema kweli na bado ukaachwa chini, na itakuuma kila kundi likipanda.

Mkeo naye mwambie zile dengu zilitoka wapi. Sifa ile uliimeza, na haikuwa yako.

Umeomba uamuzi: sema. Anza leo, kabla hujala, kwa kumpigia simu mwongoza wageni. Ishirini na tano, na koti asilisahau.