Kuni za Goweko

Kaka Deo,

Shikamoo. Hamjambo huko nyumbani? Kifua cha Mama kimetulia, au bado anakohoa kila moshi wa bani la kukaushia tumbaku ukigeukia nyumbani? Mimi ni mzima, ila nimechoka kuamka bila mtu wa kuniambia mwangaluka. Huku Ujerumani jirani ukikutana naye kwenye ngazi anatabasamu kidogo, basi, yamekwisha.

Simu yako ya Jumapili imeninyima raha. Ulisema majani yameiva, kuni za karibu zimekwisha, na kilichobaki ni kukata ile miti ambayo Mama anatundika mizinga yake ya nyuki. Kisha ukaaga upesi. Ndiyo maana naandika.

Juzi pale kiwandani kwetu, tunakooka mikate, bosi alitukusanya akatugawia keki. Eti matanuri sasa yanakula moto kidogo kuliko zamani, na mikate inatoka mingi zaidi. Hata joto linalobaki linapasha maji ya kuoshea vyombo. Akasema nchi yao nzima inakwenda hivyo mwaka hadi mwaka, nishati inapungua na mali inaongezeka. Tukapiga makofi. Nikawaonea wivu, Kaka. Sisi tangu enzi za Babu bani ni lilelile, linavuja joto kila upande, tumbaku ni ileile, na kuni kila msimu tunazifuata mbali zaidi.

Baadaye tukatoka nje, mwenzangu Marta akawasha sigara. Wee! Ile harufu ikanirudisha Goweko moja kwa moja. Nikamuuliza, "Unajua tumbaku inakaushwa na nini?"

"Si jua?" akasema.

Nikarudi ndani. Moto wao umepungua, sikatai, lakini mwingine tunawawashia sisi huko kwetu, na hakuna anayeuhesabu. Keki yangu sikuimaliza.

Inaniuma kwa sababu hata nauli yangu ya kuja huku ilitoka kwenye bani hilohilo. Sina mdomo wa kukusema wewe unayeshinda na moshi machoni. Lakini nakuomba, Kaka, nakuomba sana: kausha majani kiasi ambacho kuni ulizonazo zinatosha, mengine yaache yaozee shambani. Najua utalala vibaya ukiyaona. Mwaka huu tutabanana, nami nitabeba sehemu yangu. Miti ile ikianguka nyuki watahama, na Mama hana kitu kingine anachoweza kukiita chake.

Nisalimie wifi Magreti na watoto, pia baba mdogo wa Ntalikwa ukimwona kanisani. Mama mpe shikamoo yangu. Ila usimwombe ruhusa ya kukata. Atakupa.

Mdogo wako akupendaye,
Anastazia