Bahasha ya Bi Virginia

Al Mansoura, Doha
14 Januari 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kwenye kiti chako, kifua kimetulia, na Sabra wa jirani hakusumbui sana na redio yake. Mimi ni mzima, ila miguu. Aliyejenga ngazi za hoteli yetu ya Al Sadd nadhani hajawahi kubeba sinia maishani mwake.

Najua utaikagua bahasha kabla hujasoma barua. Ikague basi. Nilisimama dirishani posta mpaka yule kaka akagonga muhuri kwa mkono, watu nyuma yangu wakinung'unika. Wenzangu wana baba wanaotumiwa ujumbe kwa simu. Mimi nina baba aliyekaa posta ya Korogwe miaka thelathini na mbili, na kwake barua bila muhuri si barua.

Sasa tulia. Nimemwona biva.

Ndiyo, yule mnyama wa mtoni mwenye mkia kama mwiko, stempu ya kwanza ya Kanada, ya 1851, uliyokuwa ukinionyesha kitabuni tangu niko darasa la pili. Wakusanyaji wa stempu hukutana hotelini kwetu Jumanne mbili kwa mwezi, na mimi ndiye ninayewapelekea chai. Mmoja wao ni Bi Virginia, mama wa Kikanada, mwalimu mstaafu. Nilimwambia habari zako na zile stempu zako kumi na moja ulizoachiwa na mwalimu wa kujitolea. Alifurahi mno, akaniombea ruhusa nipige picha. Biva huyu bado yuko juu ya bahasha yake, kama alivyosafiri. Wanasema stempu iliyobanduliwa unaweza kuipata, bahasha nzima ndiyo adimu.

Bahasha yenyewe ni ya mwenzao, Bwana Cyrus. Tarehe 18 Februari atampa Bi Virginia, naye Bi Virginia atampa albamu nzima ya marehemu mumewe. Huipangusa kwa leso kila anapoifungua, mpaka namwonea huruma. Picha nimezisafisha dukani, kubwa kubwa, zimo humu.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa Machi. Niombee waniongeze. Sitaki kurudi na nyumba haijaezekwa.

Mwanao,
Mwanaisha


Ujumbe wa simu, 16 Februari

Dada Mwanaisha, ni mimi Sabra. Baba yako yuko hapa kwetu, anasema niandike anavyosema, nisipunguze:

"Marahaba mama. Mimi mzima. Barua yako ilifika tarehe 3 na tangu hapo sina raha. Nimezitazama picha kwa lenzi asubuhi na jioni. Biva ni wa kweli. Bahasha ndiyo ya uongo. Muhuri wa mkono hugongwa mara moja, nusu kwenye stempu, nusu kwenye karatasi. Duara likianza kwenye stempu lazima limalizikie kwenye bahasha. Hili linakatika, upande wa kulia. Mtu amebandika stempu kwenye bahasha isiyo yake. Mimi nimegonga mihuri maisha yangu yote, hapo hanifundishi mtu. Huyo mama anaibiwa. Mwambie kabla ya Jumanne. Baba yako."

Dada, hata kukaa amekataa. Amesimama mlangoni anauliza kama umejibu.


Ujumbe wa simu, 19 Februari

Sabra mdogo wangu, msomee Baba.

Shikamoo Baba, umeamkaje? Nimesema. Siku mbili nilikuwa natembea tu, jikoni, ukumbini, jikoni tena, na chai nikammwagia mgeni. Ann Mkenya, tunayelala naye chumba kimoja, aliniambia, "Dadangu, utapigwa kalamu bure. Hayo ni maneno ya wenyewe." Kwao kupigwa kalamu ni kufukuzwa kazi. Lakini nilipomwona Bi Virginia anaitoa ile albamu mkobani, nikaweka sinia chini. Nikamwambia mbele ya wote kwamba duara linakatika.

Bwana Cyrus alibadilika rangi. Akasema ana bahasha hiyo miaka ishirini na hajawahi kuitwa tapeli na mtu wa chai. Kubadilishana kumesimama. Wiki ijayo bahasha inapelekwa kwa mtaalamu Dubai. Msimamizi wetu, Bwana Bradley, amenitoa ukumbini kanipeleka chumba cha kufulia. Bahasha ikiwa ya uongo, narudi ukumbini na mkataba naongezewa. Ikiwa ya kweli, nafungasha.

Sina wasiwasi, Baba. Nimewaambia wote kwamba jicho la baba yangu halijawahi kukosea muhuri.

Mwanao


Ujumbe wa simu, 27 Februari

Baba, shikamoo. Kifua vipi? Mbona kimya? Bi Virginia amenifuata mpaka chumba cha kufulia kuniuliza tena kama nina hakika. Nikamwambia baba yangu ana hakika. Huku hata kula sili vizuri. Nijibu neno moja tu.

Mwanao


Ujumbe wa simu, 27 Februari

Dada, ni Sabra. Nimempelekea simu mara tatu. Anasema barua iko njiani, na jambo lenyewe si la kusemea simuni. Nikimwuliza jambo gani, ananiambia niende nikapike.


Korogwe, 21 Februari 2025
(ilifika Doha 12 Machi)

Mwanangu Mwanaisha,

Marahaba mama. Nakuandikia kwa mkono wangu, nisamehe mistari inavyopanda na kushuka. Afya ni hiyo hiyo, isipokuwa kitu kimoja ambacho nimekuficha, na nilikuwa najificha mwenyewe pia.

Jana, baada ya Sabra kunisomea ujumbe wako, nilishika lenzi tena, jicho la kushoto nimelifumba, nikalitupa la kulia kwenye saa ya ukutani. Upande wa kulia hauna namba. Mbili, tatu, nne, zote hazipo. Nikafumba jicho la kulia, namba zikarudi. Nikafumba la kushoto, zikapotea.

Lenzi huitazamia kwa jicho la kulia, ndivyo tulivyozoea kazini. Nikachukua picha zako nikazitazama kwa la kushoto. Duara halijakatika popote. Muhuri ni mmoja, pigo moja, umepita juu ya stempu na karatasi kama inavyotakiwa. Aliyeugonga alijua kazi yake.

Nimemtukana mtu asiye na kosa, na nimekutuma wewe ukamtukane. Nilishika simu ya Sabra nimwambie aandike, nikashindwa. Yule mtoto huniita bingwa wa posta. Naona haya, mama. Nisamehe.

Baba yako


Ujumbe wa simu, 13 Machi

Sabra, msomee Baba. Usiruke neno, hata akikuomba.

Shikamoo Baba. Natumaini umeamka salama na saumu inakwenda vizuri. Barua yako imefika jana. Jibu la Dubai lilifika juzi. Bahasha ni ya kweli.

Ungeniambia siku ile ile ulipojua, ningemwendea Bwana Cyrus kabla bahasha haijaondoka hapa. Bwana Bradley mwenyewe amesema ningejirudi mapema yangeishia kwenye onyo. Badala yake nimekaa wiki tatu kwenye mvuke wa mashuka nikiapia jicho lako. Kumshtaki mtu ulituma kwa simu, Baba. Kukiri ukatuma kwa posta.

Leo nimemwomba radhi Bwana Cyrus. Alitazama saa yake tu. Wamebadilishana, na Bi Virginia alinionyesha bahasha, akalia kidogo, nami nikalia. Aliniuliza ilikuwaje. Nikasema picha nilizokutumia nilizipiga vibaya mimi. Habari za jicho lako sikumwambia mtu, na wewe usimwandikie.

Nafika Alhamisi ijayo, tarehe 20. Nimekasirika, na nitaingia hapo ndani bado nimekasirika, usitegemee vinginevyo. Ijumaa asubuhi tunakwenda Moshi, hospitali ya macho, mimi na wewe, na daktari utamwambia ukweli tangu swali la kwanza.

Usije kunipokea stendi. Pikipiki ni nyingi pale unapovukia, na wewe upande wa kulia huoni.

Mwanao,
Mwanaisha