Video ya Mama Niliyoifuta Mwenyewe

Leonce, nimesikia kilio cha Dada Eva jikoni kabla sijamwona. "Zablon, mbona haifunguki?"

Ile video ya mama, kaka! Ile ninaghani shairi la kreta, lile shimo la volkano la kwetu, naye anacheka, ananisahihisha Kiiraqw changu. Tulitaka watu waione Jumapili kwenye arobaini yake.

Nimeifuta mwenyewe. MWENYEWE!

Unakumbuka ile kampuni ya utalii ilivyoiba video zangu kwenye mtandao wa kikazi? Niliwaka. Nikabonyeza "hifadhi" kwa kila moja, ya mama ikiwemo, nikajua zimeingia kwenye simu, kisha nikazifuta zote kule ili wasinipate tena. Kumbe kile kitufe kinakuwekea alama tu ya mahali ilipo. Ukiifuta kule, umebaki na alama ya kitu ambacho hakipo.

Na simu niliyorekodia ilikanyagwa na ng'ombe kule Malambo.

Baba ameuliza taratibu, "Kwa hiyo sauti yake ndiyo basi?"

 

Nikamwambia, "Baba, kesho naenda ofisini kwa wale walioniibia. Nitawapigia magoti. Huenda na ya mama waliichukua."